Kifuko kidogo ndani ya ua: pamba, karanga, korosho na ufuta katika historia ya Kusini



Mwezi wa nane mwaka jana nilipita kwenye shamba la mama mmoja hapa Likawage kuangalia mikorosho. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanivuta mkono mpaka chini ya mti wake mkubwa.

"Mwanangu, hebu tazama. Mti mzima mweupe kwa maua. Mwaka juzi ulikuwa hivi hivi, lakini nilipokuja kuokota sikupata hata debe. Maua yote haya yanakwenda wapi?"

Tukachuma shada moja, tukakaa kivulini, tukaanza kulipekua ua kwa ua. Nikamwonyesha kwamba maua mengi ya mkorosho ni madume na hayawezi kuzaa hata ukiyaombea dua. Machache tu ndiyo yenye sehemu ya kike ndani yake, na hayo machache ndiyo korosho yake yote ya msimu. Mama akacheka, akasema, "Kumbe nimekuwa nikifurahia madume!"

Swali lake lilinikaa kichwani. Nilipofikiri zaidi niliona kwamba kwa zaidi ya miaka 100 watu wa Kusini tumepata na kupoteza mali kwa sababu ya kitu hicho hicho, yaani kile kifuko kidogo kilichomo ndani ya ua. Pamba, karanga, korosho na ufuta, yote ni habari ya kifuko hicho. Leo naomba tuipitie historia hiyo, kwa sababu makosa ya zamani bado tunayarudia mashambani.

Ua la kike lina nini ndani

Chukua ua kubwa, kwa mfano la bamia, ulipasue kwa wembe. Katikati kabisa utaona sehemu ya kike. Juu ina mdomo unaonata kidogo, ambao kazi yake ni kupokea chavua, yaani ule unga wa njano kutoka sehemu ya kiume. Chini ya mdomo kuna shingo nyembamba. Chini ya shingo kuna kifuko, ambacho chuoni tulifundishwa kukiita ovari. Ndani ya kifuko hicho mna vijiyai.

Chavua ikitua mdomoni huotesha mrija mwembamba unaoshuka kupitia shingoni hadi kwenye kijiyai. Hapo ndipo mimba hutungwa. Kijiyai kinakuwa mbegu, na kifuko kinakuwa tunda. Chavua isipofika, au mdomo ukiwa umeungua kwa ugonjwa, ua linanyauka na kudondoka. Hakuna mbolea inayoweza kulirudisha ua lililokwisha kuanguka.

Ukishalielewa hilo, utaona kwamba mazao yetu mengi ya biashara ni kifuko hicho hicho kilichokua.

Pamba: kitumba kilicholeta vita

Tuanze na zao ambalo leo hatulilimi. Kitumba cha pamba ndicho kifuko cha ua la mpamba. Ua hufunguka likiwa jeupe, kesho yake linageuka la waridi, kisha linadondoka na kuacha kifuko kinachokua. Ndani, kila uzi wa pamba ni unywele ulioota juu ya ganda la mbegu. Baada ya wiki kadhaa kitumba kinakauka na kupasuka, pamba inatoka nje.

Tatizo la vitumba ni kwamba havipasuki siku moja. Mmea mmoja una maua juu, vitumba vibichi katikati na vitumba vilivyopasuka chini. Lazima upite shambani kuchuma, urudi tena, na urudi tena. Ni zao linalodai mikono mingi kwa wakati maalumu.

Kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za pwani, Kilwa ikiwemo. Watu walilazimishwa kulima chini ya maakida na majumbe, huku mashamba yao ya chakula yakikosa palizi na yakiliwa na nguruwe. Malipo yalikuwa madogo mno. Aliyeamuru alihesabu marobota ya pamba. Hakuhesabu mikono ya kulima na kuchuma, wala hakuuliza mikono hiyo itakula nini.

Mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waliingia kwenye shamba la pamba wakaing'oa. Huo ndio mwanzo wa Vita vya Majimaji. Wangindo wa upande wetu huu waliingia mapema, na mwezi wa Agosti boma la Wajerumani la Liwale lilivamiwa na kutekwa. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa mwezi huo huo. Vita viliendelea hadi 1907. Wajerumani walichoma maghala na mashamba, na njaa iliua wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikiri vifo 75,000. Wanahistoria wengine wanakadiria hadi 300,000.

Sisemi kwamba vita vile vililetwa na ua la pamba. Vililetwa na dhuluma, na pamba ilikuwa alama yake. Lakini hata kwa hesabu ya shamba peke yake mpango ule ulikuwa mbovu, kwa sababu uliamuriwa na watu wasiojua kitumba kinadai nini kwa mkulima.

Baadaye kitumba kilipata adui mwingine, funza mwekundu, ambaye hutoboa na kula ndani ya kifuko chenyewe. Kwa ajili ya kuzuia funza huyo asiifikie mikoa inayolima pamba, serikali ilipiga marufuku kilimo cha pamba katika sehemu kubwa ya kusini mwa nchi. Ndiyo maana vijana wa leo hapa wanaiona pamba madukani tu.

Karanga: ua linalojizika lenyewe

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 walituma wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa wiki tisa, muda mwingi wakiwa kwenye ndege, wakarudi na pendekezo la kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kazi ilianza 1947 huko Kongwa, kisha Urambo, na kwetu Kusini huko Nachingwea. Yaliletwa matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli, na Mtwara ikajengwa bandari ya kina kirefu.

Sasa tuliangalie ua la karanga. Ni la njano, linatoka chini karibu na shina. Linafunguka alfajiri na kwa kawaida linajichavusha lenyewe, na siku hiyo hiyo linanyauka. Hapo ndipo maajabu yanaanza. Badala ya kifuko kukua pale pale, kitako chake kinarefuka kama sindano na kushuka chini. Sindano hiyo inachoma udongo, inaingia kiasi cha sentimita chache, na ncha yake, penye vijiyai, inalala gizani na kuwa karanga. Sindano isiyoufikia udongo, au iliyoufikia ikaukuta mgumu, haitoi karanga.

Kwa hiyo anayetaka kulima karanga, swali lake la kwanza ni udongo wa juu ukoje wiki zile sindano zinaposhuka, na ukoje siku ya kung'oa. Kongwa udongo wake mwekundu una mfinyanzi. Ukipata mvua ni laini, ukikauka unakuwa mgumu kama saruji. Mvua zenyewe zilikuwa haba na za kusuasua. Wakati wa kuvuna, karanga zilizofanikiwa kuzaa zilishikwa na ardhi na ikawa shida kuzitoa. Kule Nachingwea kazi ilichelewa kwa misitu, umbali na kukosekana kwa bandari na reli kwa wakati. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule. Hasara ilikuwa karibu pauni milioni 36 za wakati ule.

Sababu zilikuwa nyingi: mashine kuharibika, mipango kufanywa kwa haraka, mvua kutopimwa kwa miaka ya kutosha. Lakini ukimuuliza bibi anayelima njugu mawe hapa Kusini, atakuambia zao linalozaa chini ya ardhi hupandwa kwenye udongo mwepesi wa kichanga. Njugu mawe ni zao la Afrika hii hii, nalo huzikia matunda yake chini vile vile. Elimu hiyo ilikuwepo vijijini kabla karanga hazijaletwa kutoka Amerika ya Kusini. Hakuna aliyeiuliza.

Reli ya Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara ipo mpaka leo, na moja ya shehena zake ni korosho, zao ambalo waandishi wa mpango ule hawakulitilia maanani.

Korosho: ua moja, kijiyai kimoja

Mkorosho asili yake ni Brazil. Wareno ndio waliouleta pwani yetu katika karne ya 16, karne ile ile waliyoiteka Kilwa mwaka 1505. Jina mkanju, linalotumika sehemu nyingi za pwani, limetokana na neno lao.

Shada moja la mkorosho linaweza kuwa na mamia ya maua. Mengi ni madume. Machache yana sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike. Ukitaka kuyatambua, tafuta kiuzi cheupe chembamba kinachochomoza katikati pembeni ya kiuzi cha kiume, na chini yake kifuko kidogo kama punje. Ndani ya kifuko hicho mna kijiyai kimoja tu. Pamba ina vijiyai vingi kwa ua na ufuta una vijiyai vingi, lakini mkorosho una kimoja. Ua moja likipona ni korosho moja. Likifa, hakuna akiba.

Yule mama alidhani bibo ndilo tunda, na korosho ni mbegu yake iliyotoka nje. Ni kinyume. Korosho ndiyo tunda, kwa sababu ndiyo iliyotokana na kifuko. Bibo ni kikonyo cha ua kilichovimba. Ndiyo maana utaona korosho ya kijani inatangulia kukua, na bibo linavimba baadaye.

Kwenye msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000 za korosho, na nyingi zilitoka Kusini. Halafu zao likaporomoka. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya zamani, mikorosho ikabaki mbali, ikafunikwa na pori. Bei kwa mkulima ilikuwa ndogo. Miti ilipandwa karibu karibu na haikupogolewa. Viwanda vya kubangua vilijengwa kwa mikopo, vikakosa korosho za kubangua.

Katikati ya hayo, mwaka 1979, ukatambuliwa ugonjwa mpya kwenye mikorosho ya Kusini: ubwiriunga. Ni ukungu mweupe kama unga wa muhogo, unaoshambulia majani machanga na maua. Unapenda usiku wa baridi na umande, yaani miezi ile ile mkorosho unapotoa maua. Ukilishika shada, maua yanakuwa meusi kabla hata ya kufunguka. Mdomo haupokei chavua na kifuko kinakauka. Mti unabaki na majani yake na kivuli chake, unaonekana mzima, lakini hauzai. Mzee mmoja aliwahi kuniambia kwamba miaka ile walidhani miti imerogwa.

Kufikia 1986/87 uzalishaji wa nchi ulikuwa chini ya tani 20,000. Miti mingi ilikuwa bado imesimama. Kilichokufa ni maua.

Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walifanya kazi kubwa miaka hiyo. Walionyesha kwamba salfa ya unga inamkinga mkorosho, kwa sharti moja: iwahi kabla ugonjwa haujashika shada. Salfa haifufui ua lililokwisha kuungua. Inafunika na kukinga. Ndiyo maana ratiba iliyotolewa ilikuwa kurudia takriban kila siku 14 katika kipindi cha maua, alfajiri, umande ukiwa bado upo na upepo umetulia. Pamoja na salfa walifundisha kupunguza miti iliyosongamana, kupogolea, na kupanda miche ya kubebesha kutoka miti bora.

Uzalishaji ukapanda polepole. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ulivuka tena tani 100,000, na msimu wa 2017/18 ulizidi tani 300,000. Bei na masoko vilisaidia, lakini bila kulinda lile ua bei nzuri ingekuta maghala matupu.

Ufuta: kifuko kinachofunguka mapema

Sasa tuje kwenye zao linalolipa ada za watoto wengi hapa Likawage. Ua la ufuta linaning'inia kama kengele ndogo, linafunguka alfajiri na kudondoka siku hiyo hiyo. Kifuko chake ndicho ganda tunalolijua sote, lenye vyumba vilivyojipanga wima, na ndani mna mbegu kati ya 50 na 100 hivi. Ganda likikauka linapasuka kutoka juu na kumwaga mbegu.

Kwa mmea wa porini kupasuka huko ni faida, kwa sababu mbegu inasambaa. Kwetu ni hasara. Mwaka 1943 mtafiti Langham, huko Venezuela, aliona mmea wa ufuta ambao maganda yake hayapasuki. Watu walifurahi, lakini maganda yale yalijifunga kiasi kwamba kupura ikawa shida. Tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wanatafuta ganda la kati, linaloshika mbegu shambani na kuziachia kwenye turubai. Naliendele nao wametupatia mbegu bora kama Ziada 94 na Lindi 2002, lakini bado ni ufuta unaopasuka. Kwa hiyo siku ya kukata ni juu yako wewe.

Maganda ya chini hukomaa kwanza kwa sababu maua ya chini ndiyo yaliyofunguka kwanza. Ukisubiri ya juu yakauke, ya chini yameshamwaga. Ukikata mapema mno kwa sababu mnada uko karibu, ya juu yana mbegu nyembamba nyeupe zisizo na mafuta, na mzigo mzima unashuka daraja.

Tufanye nini msimu huu

Kwa mkorosho, safisha shamba na pogolea kabla ya maua. Kuanzia mashada yanapochomoza kagua kila wiki, na uanze dawa ya ubwiriunga ukiona dalili za kwanza, usisubiri shada liwe jeupe kwa unga. Fuata kipimo cha kwenye kibandiko, na vaa kinga.

Dawa ya wadudu, kama ile ya mbu wa mikorosho, ipulizwe tu pale wadudu wapo kweli, na isipulizwe saa za asubuhi hadi mchana maua yanapokuwa wazi na nyuki wapo kazini. Ukiua nyuki umejinyima mpeleka chavua. Ukiona maji moto wamejenga viota kwenye mti wako, waache. Wanang'ata, lakini wanawala mbu wa mikorosho.

Kwa karanga na njugu mawe, palilia mapema. Sindano zikianza kushuka usipitishe tena jembe. Ng'olea magugu kwa mkono, na usikanyage katikati ya mimea.

Kwa ufuta, kata maganda ya chini yanapoanza kuwa ya njano, kabla hayajafungua mdomo. Funga matita, yasimamishe wima, pura juu ya turubai. Na ninyi wafanyabiashara, mnapomhimiza mkulima akate kabla ya wakati ili muwahi kununua, mnanunua maganda yenye mbegu tupu. Hasara hiyo mtaikuta ghalani wakati wa kupimwa ubora.

Yule mama msimu huu amepunguza miti mitatu iliyosongamana, na kijana wake ameanza kupuliza salfa mapema. Wiki iliyopita alinionyesha shada akiwa amelishika kwa vidole viwili. "Hili, na hili, na hili," akasema. "Majike matatu. Mengine uyahesabu wewe."

Tuonane shambani.